Marisau yasiyo na sumu katika bunduki kongwe za mitutu miwili

Wamiliki wa bunduki kongwe za mitutu miwili nchini Uingereza, nyingi zikiwa ni urithi wa familia, wanakabiliwa na swali gumu: zitatumia nini marisau ya risasi yatakapoondolewa madukani?

Katika Kiswahili neno risasi ni jina la madini na pia la kile kinachofyatuliwa na bunduki, kana kwamba viwili hivyo havitengani. Sasa vinatenganishwa. Bata wa mwituni humeza marisau yaliyoanguka majini wakidhani ni changarawe. Firigisi huyasaga, na sumu huingia katika damu. Kwa sababu hiyo Marekani ilipiga marufuku risasi katika uwindaji wa ndege wa majini mwaka 1991, na England mwaka 1999. Julai 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza marufuku pana zaidi, yenye kipindi cha mpito cha miaka mitatu.

Mbadala wa bei nafuu ni marisau ya chuma. Lakini chuma ni kigumu, hakibonyei kama risasi. Kinapopita mahali mtutu unapobanwa karibu na mdomo, huweza kuuvimbisha mtutu mwembamba wa zamani, hasa mbano ukizidi nusu. Mitutu ya kale iliyosokotwa kwa vyuma vya aina mbili haifai kabisa kupitishiwa chuma. Isitoshe, chuma ni chepesi kuliko risasi, hivyo mwindaji huhitaji chembe kubwa zaidi na shabaha ya karibu.

Urefu wa katriji nao si jambo dogo. Bunduki nyingi kongwe zilitengenezewa katriji za milimita 65, ilhali nyingi za leo ni za milimita 70. Kulazimisha ndefu huongeza shinikizo. Katriji za chuma zenye nguvu kubwa ni za bunduki zilizojaribiwa na kupigwa muhuri wa ua la yungiyungi, kazi ifanywayo London na Birmingham.

Kwa bunduki ya thamani, chaguo la busara ni bismuthi. Ni laini, uzito wake unakaribia ule wa risasi, na hupita mtutuni bila kuudhuru. Kikwazo ni bei: katriji moja hugharimu mara kadhaa ya ile ya chuma. Hata hivyo, kubadilisha mtutu uliovimba ni ghali zaidi, na fundi stadi apaswa kuupima unene wake kabla ya katriji yoyote mpya kuingizwa.