Mbwa Koko, Paka Shume na Watu wa Kujitolea

  Mwalimu wa darasa, tafadhali hakikisha kila mtu ameketi mahali anaposikia vizuri, na chaki iwe tayari.

Watu wengi wakisikia neno historia hukumbuka wafalme, vita na safari za majahazi. Lakini mambo ya mtaani nayo yana historia yake. Leo tutajifunza habari za mbwa na paka wasio na mwenyewe, na jinsi watu wa miji mbalimbali walivyojifunza kupunguza idadi yao bila kuwaua. Kazi hiyo imefanywa kwa sehemu kubwa na watu wa kujitolea, yaani watu wanaotoa nguvu zao bila mshahara.

Kwanza tuandike maneno manne ubaoni. Mbwa koko ni mbwa anayezurura asiye na mtu wa kumtunza. Paka shume ni paka aliyekimbilia porini au majaani, akawa mkali. Kuhasi ni kumfanya mnyama asiweze kuzaa tena. Nusukaputi ni dawa ya kumlaza mgonjwa ili asisikie maumivu wakati daktari anapompasua.

Kuhasi si jambo geni kwetu. Wafugaji wetu wamehasi fahali tangu zamani ili wapate maksai wa kulima na kuvuta mkokoteni. Beberu pia huhasiwa ili anenepe, akaitwa ndafu. Lakini hao ni madume, na kazi yao hufanyika kwa nje. Kumfunga kizazi mbwa jike au paka jike ni kazi ngumu zaidi. Tumbo hupasuliwa, kizazi kikatolewa, kisha jeraha likashonwa. Hapo panahitajiwa daktari wa wanyama, nusukaputi, vyombo vilivyochemshwa na mahali safi. Vitu hivyo vina gharama, na gharama hiyo ndiyo chanzo cha historia yetu ya leo.

Hesabu ya jike mmoja

Haya, tufanye hesabu kidogo. Tuseme mbwa jike mmoja anazaa watoto sita kwa mwaka, watatu majike na watatu madume. Mwaka wa pili majike ni wanne. Kila mmoja akizaa sita, tunapata watoto ishirini na wanne, na nusu yao ni majike. Mwaka wa tatu majike ni kumi na sita, nao wanazaa watoto tisini na sita. Ukijumlisha mama, dume mmoja na wote waliozaliwa, ni mbwa 128.

Hiyo ni hesabu ya ubaoni. Katika maisha, watoto wengi wa mbwa hufa kwa njaa, kwa maradhi na kwa magari. Lakini sasa mnaona kwa nini mji ukiwaua nusu ya mbwa wake, baada ya muda mfupi mbwa wanarudi kuwa wengi. Wale waliobaki wanapata chakula tele katika takataka, wanazaa, na watoto wao wanapona. Mbwa wa mitaa ya jirani nao wanahamia mahali palipoachwa wazi.

Na hatari kubwa ya mbwa wasiotunzwa ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu huingia mwilini kwa mate ya mnyama mgonjwa, hasa anapouma. Dalili zikisha kumtokea mtu, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka ulimwenguni, wengi wao Asia na Afrika. Karibu wote huupata kwa mbwa, na wengi ni watoto. Basi msidhani ya kuwa habari hii ni ya watu wapendao wanyama tu.

Mji wa Madras

Sasa twendeni Bara Hindi, katika mji wa Madras, ambao tangu mwaka 1996 unaitwa Chennai. Serikali ya mji huo ilianza kuwakamata na kuwaua mbwa koko mwaka 1860, wakati wa utawala wa Waingereza. Kazi hiyo iliendelea kwa zaidi ya miaka mia moja. Vizazi vya wakamataji mbwa vilipita, na mbwa hawakwisha, wala kichaa cha mbwa hakikwisha.

Mwaka 1959 rubani mmoja wa ndege, Kapteni V. Sundaram, pamoja na mkewe Usha na watoto wao, walianzisha chama cha kutunza wanyama kiitwacho Blue Cross of India. Mwana wao, Chinny Krishna, alikuwa mhandisi. Yeye alitazama jambo hili kama mhandisi anavyotazama mashine isiyofanya kazi. Aliuliza: ikiwa tumeua mbwa kwa miaka mia na hawapungui, je, njia yenyewe si mbovu? Mwaka 1964 chama hicho kilianza kuwahasi mbwa, kuwachanja, na kuwarudisha pale pale walipotoka.

Pengine mmoja wenu atauliza, kwa nini warudishwe? Sababu yake ni hii. Mbwa aliyehasiwa na kuchanjwa analinda mtaa wake. Hazai, na hawaruhusu mbwa wageni kuingia kwa urahisi. Anakuwa kama mlango uliofungwa.

Lakini serikali ya mji haikukubali upesi. Chama kiliendelea na kazi kwa miaka zaidi ya thelathini kabla mji haujaifuata njia hiyo mwaka 1996. Hapo jambo lililofanywa na watu wachache kwa hiari likawa kazi ya mji mzima. Mwaka 2001 serikali ya India ilitoa kanuni za nchi nzima za kuwahasi na kuwachanja mbwa wa mitaani, na mwaka 2023 kanuni hizo ziliandikwa upya.

Amerika na zahanati za bure

Katika miaka ile ile, watu wa Marekani nao walikuwa na shida yao. Huko mbwa na paka wasio na mwenyewe hupelekwa katika nyumba za hifadhi. Nyumba hizo zilijaa, na mamilioni ya wanyama waliuawa kila mwaka kwa kuwa hawakupata wa kuwachukua. Daktari wa kuhasi alikuwepo, lakini watu wengi hawakuweza kumlipa.

Mwaka 1957 mwanamke aitwaye Alice Herrington alianzisha chama cha Friends of Animals mjini New York, nacho kikaanza kazi ya kuhasi kwa bei nafuu. Mwaka 1971 mji wa Los Angeles ulifungua zahanati ya kuhasi iliyo mali ya manispaa. Madaktari wengi wa wanyama walipinga zahanati za namna hiyo. Walisema zitawanyang'anya wateja. Waliozitetea walijibu kwamba mtu asiye na fedha hakuwa mteja wa daktari tangu mwanzo, na mbwa wake angezaa tu.

Paka shume walikuwa na shida zaidi, kwa sababu hawana mtu wa kuwalipia hata senti moja. Mwaka 1992 kilianzishwa chama cha kuwahasi bure katika mji wa San Diego. Mwaka 1994 daktari Julie Levy alianzisha kazi iitwayo Operation Catnip katika mji wa Raleigh, na mwaka 1998 akaianzisha pia Gainesville, katika jimbo la Florida, penye chuo kikuu cha kufundisha madaktari wa wanyama.

Tazameni jinsi zahanati ya namna hii inavyofanya kazi, maana hapa ndipo tunapoona maana ya kujitolea. Watu wa mitaa huwatega paka katika vizimba, wakawaleta asubuhi. Mtu wa mlangoni huandika namba ya kila paka. Paka hudungwa nusukaputi akiwa bado kizimbani, ili asimrarue mtu. Mwingine humpima uzito, mwingine humnyoa manyoya na kumsafisha. Daktari hupasua na kushona. Kisha paka huchanjwa, na ncha ya sikio lake moja hukatwa wakati bado amelala. Alama hiyo huonekana kwa mbali, ili paka yule asitegwe na kupasuliwa tena bure. Mwisho, watu wengine hukaa naye na kumwangalia anavyopumua mpaka aamke.

Sasa hesabuni. Katika kazi zote hizo, ni ngapi zinazohitaji daktari? Nusukaputi na upasuaji ni kazi ya waliosomea. Lakini kuandika namba, kubeba vizimba, kufua vitambaa, kuosha vyombo, kupika chakula cha wafanyakazi na kumwangalia mnyama anayeamka, kazi hizo zinaweza kufanywa na mwalimu, fundi, mkulima au mwanafunzi, baada ya kufundishwa na wenye ujuzi. Daktari asipopoteza wakati kubeba na kuosha, anaweza kuwahasi wanyama wengi kwa siku moja. Ndiyo maana wazee wetu walisema, kidole kimoja hakivunji chawa.

Tena tusidharau kazi ya kuandika. Namba ikikosewa, paka wa mtaa mmoja atapelekwa mtaa mwingine, na huko atapotea. Ninyi mnaojifunza kusoma na kuandika mmekwisha kuijua kazi moja muhimu ya zahanati.

Je, njia hii ilifaulu?

Mwanahistoria hatosheki na nia njema. Hutaka kuona matokeo. Basi twendeni katika mji wa Jaipur, kaskazini ya India. Huko chama cha Help in Suffering, kilichoanzishwa mwaka 1980, kilianza kuwahasi na kuwachanja mbwa wa mitaani mwezi wa Novemba mwaka 1994. Hadi Desemba 2002 walikuwa wamewahudumia mbwa 24,986. Katika mitaa yao, kati ya kila majike 100, majike 65 walikuwa wamehasiwa. Idadi ya mbwa ilipungua kwa asilimia 28. Na vifo vya watu kwa kichaa cha mbwa katika mitaa hiyo vilishuka mpaka havikuonekana tena, wakati katika sehemu nyingine za mji viliongezeka.

Lakini tuseme kweli yote. Kuhasi si dawa ya kila kitu. Mbwa aliyehasiwa bado ana meno. India kuna watu wanaoumwa na mbwa barabarani hata sasa, na ugomvi juu ya mbwa hao umefika mpaka mahakama kuu za nchi. Mahali ambapo kazi ilifanywa nusu nusu, mbwa wachache wakahasiwa na wengi wakaachwa, matokeo hayakuonekana. Kazi hii hailipi mpaka iendelee mwaka hata mwaka.

Jambo la pili ni kwamba kinachozuia kichaa cha mbwa hasa ni chanjo. Hapa tuna mfano wa nyumbani. Kuanzia mwaka 1996, wataalamu waliwachanja mbwa wa vijiji katika wilaya ya Serengeti, Tanzania. Hawakuwahasi, waliwachanja tu. Baada ya kampeni ya kwanza, kichaa cha mbwa kilipungua kwa asilimia 70. Baada ya kampeni ya pili kilipungua kwa asilimia 97. Kazi hiyo ilifaulu kwa sababu wenye mbwa wenyewe waliwaleta kwa kamba mpaka kwenye uwanja wa kijiji. Wataalamu hufundisha kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita.

Basi kijiji chenye fedha kidogo kianze na kipi? Chanjo kwanza. Kisha, anapopatikana daktari na watu wa kujitolea, kuhasi kufuate, maana watoto wa mbwa wanaozaliwa kila mwaka hawana chanjo, na bila kupunguza uzazi kazi ya kuchanja haina mwisho.

Ya kukumbuka

Kabla hatujaagana, shikeni jambo hili hata kama mtasahau miaka yote niliyoitaja. Mtu akiumwa na mbwa, jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika kumi na tano. Halafu aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo, apate chanjo. Asingoje dalili. Waambieni na watoto.

Sasa maswali ya darasa. La kwanza: kwa nini mbwa wa Madras hawakwisha ingawa waliuawa tangu mwaka 1860? La pili: tajeni kazi tatu za zahanati ambazo mtu asiye daktari anaweza kuzifanya. La tatu: kwa nini paka hukatwa ncha ya sikio? La nne ni la kuzungumza: bwana mifugo akija kijijini kwenu kuchanja mbwa, ni nani atakayeandika majina, nani atakayeleta maji, na nani atakayepita nyumba kwa nyumba kuwaarifu watu?

Jibuni swali hilo la nne kwa majina ya watu waliomo darasani, mkayaandike daftarini. Kwaherini, tusikilizane tena katika somo lijalo.