Mkeka wa Mbao Huku Siongiroi: Form ya Kuweka Mwenyewe Bila Kuchoma Doh

Bonasi ya KTDA ikishuka, ama pesa ya maziwa ikikubali, wasee wengi wa Bomet na Kericho wanaanza kuangalia chini. Sakafu. Simiti ya huku asubuhi ni baridi kama jiwe la mtoni, na kama kuna mtoto anatambaa kwa nyumba unajua ile kikohozi. Ndiyo maana kila mtu saa hii anaitisha mkeka wa mbao.

Habari njema ni kwamba unaweza kuuweka mwenyewe Jumamosi moja. Habari mbaya ni kwamba wengi wanaoweka vibaya hawajui mpaka miezi mitatu baadaye, harufu ya uvundo ikianza. Mkeka hauharibikii juu. Unaharibikia chini. Shika hiyo, mengine yote ni rahisi.

Mkeka wa mbao ni nini hasa?

Usidanganywe na jina, hapo hakuna mbao. Ni plastiki ya PVC iliyochapishwa picha ya mbao, halafu juu ikawekwa safu ngumu ya kuvumilia viatu. Inauzwa kutoka kwa rolo, mara nyingi ya upana wa mita 2. Kuna nyepesi na kuna nzito. Nyepesi itakuonyesha kila kokoto iliyo chini yake na itachanika ukivuta kiti. Kama doh inaruhusu, chukua nzito.

Unaweza kuibandika yote kwa gundi, ama kuitandika tu ielee, ishikwe na tepu pembeni. Kama unalipa rent, wacha ielee. Siku ya kuhama unaifunga rolo unaenda nayo, mwenye ploti anabaki na simiti yake.

Kwanza, uliza sakafu kama iko tayari

Huku kwetu mvua haituonei huruma, na maji ya ardhini hupanda kupitia simiti polepole. Nyumba ikijengwa vizuri, fundi hutandika nailoni nzito ya gauge 1000 chini ya slabu ili kuzuia hayo maji. Nyumba nyingi za zamani hazina. Hauoni shida kwa sababu maji yanakauka yakifika juu. Ukifunika na plastiki, yanakosa pa kutokea. Hapo ndipo ukungu mweusi unazaliwa.

Jaribu hivi kabla ya kununua chochote: kata nailoni safi ya kuona ndani, kama nusu mita kwa nusu mita. Ibandike kwa sakafu, pande zote nne, na tepu isiyopitisha hewa. Wacha siku mbili. Fanya hivyo pembe mbili tofauti za chumba, hasa upande wa ukuta unaonyeshewa. Ukitoa upate matone ndani, ama simiti imekuwa nyeusi, usiweke mkeka bado. Angalia kama maji ya paa yanamwagikia msingi, chimba mtaro wa kuyatoa, kisha ujaribu tena wakati wa kiangazi, Desemba hadi Februari.

Simiti mpya nayo haitaki haraka. Mafundi wengi huhesabu karibu mwezi mmoja wa kukauka kwa kila inchi ya unene. Inchi nne, miezi minne. Ndiyo, inauma, lakini kununua mkeka mara mbili inauma zaidi.

Na sakafu ya udongo, ile kogo anapaka mavi ya ng'ombe? Usitandike mkeka juu yake. Haikauki kabisa na haitulii. Weka simiti kwanza, hata kama mkeka utangoja mwaka ujao. Mexico, jimbo la Coahuila lilianza mwaka 2000 kuwamwagia watu simiti kwa mradi wa Piso Firme, na watafiti walipofuatilia watoto wa hizo nyumba walipata minyoo, kuhara na upungufu wa damu vimeshuka. Simiti pekee tayari ni dawa. Mkeka ni urembo na joto.

Pima kabla ya kwenda dukani

Hapa ndipo watu wanaliwa. Chukua chumba cha futi 12 kwa 10, yaani karibu mita 3.66 kwa 3.05, na rolo ya mita 2. Vyovyote vile utahitaji vipande viwili. Ukivilaza kufuata urefu, kila kimoja ni mita 3.76 ukiongeza sentimita 10 za kukata: jumla mita 15 za mraba. Ukivilaza kukingama, kila kimoja ni mita 3.15: jumla 12.6. Chumba ni kile kile, na umeokoa zaidi ya mita 2 za mraba. Chora kwa karatasi kwanza.

Kazi yenyewe

1. Toa vitu vyote nje. Kwangua matone ya rangi na simiti, jaza mashimo na nyufa, wacha vikauke, kisha fagia mara mbili. Punje moja ya mchanga itaonekana kama kipele.

2. Fungua rolo na uilaze ndani ya chumba hicho usiku mzima. Plastiki baridi hukunjamana na hupasuka ukiikata.

3. Anza na ukuta ulionyooka. Tandika kipande cha kwanza, ukiacha sentimita 5 zipande ukutani kila upande.

4. Laza cha pili kikanyage cha kwanza kwa sentimita 3, michoro ikilingana. Weka rula ya chuma katikati ya hapo na ukate vyote viwili kwa mpigo mmoja, wembe ukiwa mpya. Toa mabaki, na kiungo kitafungana kama mlango. Chini yake pitisha tepu ya kushika pande mbili.

5. Kwenye kona, pasua mkeka kutoka juu kuteremka mpaka unapogusa sakafu, usipite hapo. Kisha ukandamize kwa ubao na ukate, ukiacha nafasi ya milimita 3 hadi 5 kutoka ukutani. Mkeka ukipata joto hutanuka, na ukikosa nafasi unainuka katikati kama mandazi.

6. Funika hiyo nafasi na skatingi. Pigilia misumari kwa ukuta, si kwa mkeka. Mlangoni weka kipande cha aluminiamu, kwa sababu hapo ndipo miguu huanza kuung'oa.

Kuutunza

Kitambaa kilichokamuliwa na sabuni kidogo vinatosha. Mafuta taa kwa maji ya kupiga deki, wacha: yanaharibu plastiki na yanaweza kuwaka. Kapeti ndogo yenye mpira chini itaacha doa la njano lisilotoka. Miguu ya sofa ivalishe vitambaa.

Jiko la makaa nalo libaki nje. Kaa moja likianguka linatoboa shimo, na PVC ikiungua inatoa moshi wa sumu. Isitoshe, jiko ndani ya chumba kilichofungwa linaua hata bila moto kuanguka.

Na ile sakafu ya koki?

Umeiona kwa video za majuu. Hiyo ni gome la mti, nyingi ikitoka Ureno, na mti huvunwa kila baada ya miaka 9 bila kukatwa. Ina joto kwa miguu na inameza kelele. Mbao zake zinashikana zenyewe na kuelea bila gundi, lakini zinataka nailoni chini, siku mbili za kuzoea chumba, nafasi ya karibu milimita 10 ukutani, na vanishi juu kuzuia maji. Adui ni yule yule, unyevu.

Kama doh ni kidogo, punguza vyumba, usipunguze kazi ya chini. Anza na sebule ama chumba cha mtoto, kikae msimu mmoja wa mvua. Kikitoka bila harufu, endelea na kingine.