Ndimu, Sukari na Binti wa Kwenye Kopo: "Juisi ya Kibrazili" Ilivyopita Kilombero Kabla ya TikTok

Saa nane mchana Ifakara, mwezi wa kumi na moja, mvua bado zinajivuta. Bati linalia kwa joto, shati limeganda mgongoni, na kitu chochote chenye barafu ndani yake kinaonekana kama ndugu wa damu. Sasa hapo ndipo mtu anafungua simu anakutana na ile klipu: ndimu zinatupwa kwenye blenda na maganda yake, maji, sukari, kisha maziwa mazito ya kopo yanashuka taratiiibu. Glasi inajaa kitu cheupe chenye ukijani kwa mbali, povu juu. Chini imeandikwa "juisi ya Kibrazili".

Kichekesho kinaanzia kwenye jina. Brazili kwenyewe hawaiiti hivyo. Kule ni limonada suíça, yaani limonadi ya Uswisi. Na Uswisi ni nchi ya milima, theluji na ng'ombe. Kwa ndimu haina sifa yoyote. Kwa hiyo ni kinywaji kimoja chenye nchi mbili, na kila moja inamsukumia mwenzake.

Ukikifuata kiungo kwa kiungo, unajikuta pwani ya Waswahili, halafu unajikuta Kilombero. Na watu utakaokutana nao njiani, karibu wote hawana majina.

Ndimu na jamaa zake, machungwa na malimau, asili yao ni Asia. Zilisambaa na wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi mpaka zikaota kwenye bustani za miji ya pwani, kitambo kabla Mzungu hajapiga kona ya Afrika Kusini. Maneno yenyewe ni ya ukoo mmoja: Mreno anasema limão, Mswahili anasema limau, na nyuma yao wote wamesimama Waarabu na Waajemi.

Aprili 1498 meli za Vasco da Gama zikatia nanga nje ya Mombasa. Mabaharia wake walikuwa wameshateswa na kiseyeye njiani, ule ugonjwa wa kukosa vitamini C unaovimbisha fizi mpaka zinafunika meno. Mfalme wa Mombasa akawapelekea kondoo, na pamoja naye machungwa, malimau na miwa kwa wingi. Safari ile ina shajara iliyobaki hadi leo. Mwandishi wake hakuweka jina lake. Mfalme naye hakumtaja jina. Ila machungwa yamo, malimau yamo, na miwa imo.

Halafu mwandishi huyo anasema kwamba walipofika mji ule wagonjwa wote walipona, kwa sababu hewa ya pale ni nzuri sana. Hewa! Mtu ametoka kula machungwa ya watu anaisifu upepo. Ila walijifunza upesi, kwa sababu walipopita Malindi wakirudi, Januari 1499, wakiwa hoi tena, kitu walichoagiza kwa ajili ya wagonjwa ni machungwa.

Machi 1500 msafara mwingine ukatoka Lisbon, meli 13, chini ya Pedro Álvares Cabral. Ukaenda mbali sana magharibi, na tarehe 22 Aprili ukaiona nchi ambayo leo ndiyo Brazili. Haukukaa sana. Julai mwaka uleule, meli zilizosalimika zilikuwa Kilwa, zikitaka biashara ya dhahabu. Yaani watu walewale, ndani ya miezi mitatu, waliikanyaga Brazili kisha wakafika Kilwa. Anayedhani Brazili na Tanzania zilikutana kwenye mpira tu, afikirie tena.

Wareno wakapeleka michungwa, milimau na miwa huko Brazili, na kufikia miaka ya 1530 viwanda vya sukari vilishaanza kwenye pwani ya São Vicente. Hapa utamu unaingia doa. Miwa ile ilikatwa na watumwa, na hakuna nchi ya Amerika iliyopokea Waafrika wengi kama Brazili: karibu milioni tano, mpaka utumwa ulipofutwa mwaka 1888. Wengi walitoka magharibi na kati mwa Afrika, ila karne ya 19 meli zilibeba pia watu wa Msumbiji, kutoka bandari kama Quelimane. Vitabu vya mashamba viliwaandika kwa majina ya ubatizo waliyopewa na wengine. Ndio walioifanya sukari iwe kitu cha kila siku cha mtu wa Brazili, mpaka leo wakitengeneza limonadi mkono hauogopi.

Sasa kopo.

Mwaka 1856 Mmarekani Gail Borden alipata hataza ya kuchemsha maziwa mpaka yawe mazito bila kuharibika. Mwaka 1866 kampuni ya Anglo-Swiss ikaanza kuyatengeneza Cham, Uswisi, na mwaka 1905 ikaungana na Nestlé. Makopo yake yalikuwa na picha ya binti mkamuaji wa Kiswisi, ndoo kichwani. Yalipoanza kuingia Brazili mwaka 1890, jina la Kiingereza liliwashinda watu, wakayaita kwa picha: leite da moça, maziwa ya binti. Kampuni ikaona isipigane na mtaa. Mpaka leo Brazili yanauzwa kama Leite Moça, na binti yupo palepale, bila jina, ndoo haijashuka. Maelezo ya kawaida ya neno "Uswisi" kwenye limonadi ndiyo hayo, kopo la binti.

Kiwanda cha kwanza cha Nestlé nchini Brazili kilifunguliwa Araras, jimbo la São Paulo, mwaka 1921. Shika huo mwaka, maana ndiyo mwaka ambao Waswisi wengine walifika Dar es Salaam. Hawakuja na makopo. Walikuwa mapadri Wakapuchini na masista wa Baldegg, waliochukua kazi ya wamisionari Wajerumani walioondoka baada ya vita. Eneo lao lilifika Mahenge na bonde la Kilombero. Ndiyo mizizi ya Hospitali ya Mtakatifu Fransisko pale Ifakara. Askofu wao mkuu, Edgar Maranta, yumo vitabuni. Masista waliolala macho wodini, na Wandamba, Wambunga na Wapogoro waliowatafsiria, waliowabebea mizigo na kuwavusha mto kwa mitumbwi, hao uwatafute kwenye picha za zamani, ambako maelezo ya chini yanasema tu "wasaidizi".

Mwaka 1949 akaja Ifakara mwanasayansi kutoka Basel, Rudolf Geigy, akitafiti wadudu wanaoambukiza magonjwa: mbung'o, papasi, mbu. Mwaka 1957 maabara ikafunguliwa, na hiyo ndiyo leo Taasisi ya Afya Ifakara, inayojulikana duniani kwa utafiti wa malaria. Kwa hiyo mtu wa Ifakara akisikia "limonadi ya Uswisi" ana haki ya kutabasamu. Mji mdogo wa Tanzania uliozoeana na Waswisi kwa miaka mia na ushee, na limonadi yao imekuja kupitia Brazili na simu.

Huyo mbung'o wa Geigy ana kesi nyingine kwenye hii glasi. Kwa muda mrefu ndiye aliyefanya bonde liwe la mpunga na samaki, si la maziwa. Ng'ombe alikuwa anakufa kwa nagana. Vyakula vya wenyeji vimekaa hivyo mpaka leo, wali na perege, na sifa ya mchele wa Ifakara haihitaji kutetewa. Ng'ombe wengi waliingia baadaye na wafugaji wa Kisukuma, Kimasai na Kibarabaig, na ardhi ikawa kesi: mwaka 2012 serikali iliendesha operesheni ya kuondoa mifugo kwenye bonde oevu. Hiyo ni hadithi ndefu na chungu ya peke yake. Kinachohusu hapa ni kwamba maziwa ya kopo hayakuwa anasa ya kishamba kwa mtu wa Ifakara. Sehemu isiyo na ng'ombe na isiyo na friji, kopo ndiyo ng'ombe.

Na barafu? Mwaka 1975 bwawa la umeme la Kidatu lilianza kuzalisha kutoka Mto Ruaha Mkuu. Leo uwezo wake ni megawati 204. Mwaka 2000 Kihansi nayo ikakamilika, megawati 180, ile iliyompa umaarufu chura mdogo wa Kihansi kwa kumkaushia maporomoko yake. Bonde likawa linamulika nchi nzima, huku vijiji kibao vya bonde vikikaa gizani vikitazama nyaya zinapita. Ice cream ya Dar ilianza kuganda kwa maji ya huku kabla mama wa kijijini hajapata hata kipande cha barafu.

Kwenye sukari ndipo pana moto zaidi. Kampuni ya Sukari Kilombero iliundwa mwaka 1960, na kiwanda cha Msolwa kikaanza kazi mwaka 1962, Tanganyika ikiwa na uhuru wa miezi tu. Baada ya Azimio la Arusha mashamba na kiwanda vikaingia mikononi mwa umma. Mwaka 1976 kikaongezwa kiwanda cha pili, Ruembe, ng'ambo ya mto. Mwaka 1998 vikabinafsishwa, Illovo ya Afrika Kusini ikachukua hisa nyingi na serikali ikabaki na sehemu yake. Kutoka Kidatu mpaka Ifakara ni kama kilomita 67 tu. Maelfu ya wakulima wadogo wanapeleka miwa yao kwenye viwanda hivyo. Wakata miwa wanaingia shambani alfajiri, baada ya moto kupita, wakitoka ni macho tu yanayoonekana, masizi kila mahali.

Basi mwanzoni mwa 2024 mvua za El Niño zikagoma kukatika. Mashamba yakajaa maji, magari hayaingii, viwanda nchini vikasimama au kuchechemea, na sukari ikawa bidhaa ya kuuliziwa kwa kunong'ona. Serikali ilitangaza bei elekezi, isizidi 3,200 kwa kilo. Mtaani sehemu nyingi ikavuka 4,000. Mtu anakaa jirani na shamba la miwa linaloishia upeo wa macho, anapika uji wa chumvi. Na mkulima mdogo alipoteza mara mbili: miwa yake ilibaki shambani inapoteza utamu, huku dukani akiinunua sukari kwa bei ya wote. Waliokuwa wanauza juisi barabarani walipunguza kipimo cha sukari kimyakimya au wakafunga meza. Bei kwenye taarifa za habari ilikuwa na waziri, bodi na mwagizaji, wote kwa majina na vyeo. Mkata miwa alikuwa picha ya nyuma.

Haya, blenda.

Klipu nyingi zinadanganya bila kukusudia, kwa sababu ndimu ya Brazili ni ile kubwa ya Tahiti, haina mbegu na ganda lake ni pole. Ndimu ya Ifakara, ile ndogo ya uani, ina mbegu kama ina kinyongo na mtu, na ukiisaga nzima na mbegu zake utapata dawa ya minyoo. Chukua ndimu sita zilizoiva, zioshe kwa maji ya uvuguvugu. Mbili zikate vipande vinne vinne, toa mbegu zote na ule utepe mweupe wa katikati. Hizi ndizo zitakazoingia na maganda. Nne zilizobaki kamua tu juisi. Weka vyote kwenye blenda na maji baridi lita moja na sukari vijiko vinne vya chakula. Washa, hesabu mpaka saba, zima. Siyo dakika. Sekunde saba. Ukizidisha, mafuta ya ganda yanageuka uchungu na hakuna sukari ya Kilombero itakayokuokoa. Chuja, rudisha kwenye blenda na maziwa mazito nusu kopo, zungusha kidogo, mimina juu ya barafu.

Usijaribu kuweka maziwa ya kawaida. Asidi ya ndimu itayakata hapohapo, ubaki na mtindi wenye hasira. Yale mazito yanahimili kwa sababu sukari yake ni nyingi. Badala ya kukatika yanazidi kuwa laini na mazito.

Kopo likiwa ghali, Ifakara ya sasa ina jibu ambalo ya 1949 haikuwa nalo, maana maziwa fresh ya wafugaji yapo. Lita moja ya maziwa, sukari robo tatu ya kikombe kikubwa cha chai, sufuria pana, moto mdogo wa mkaa. Koroga, usiondoke kwenda kujibu meseji. Baada ya saa moja na kitu yatakuwa yamebaki kama theluthi, rangi ya krimu, yanashika nyuma ya kijiko. Yaache yapoe kabisa kabla hayajakutana na ndimu. Binti wa kwenye kopo anaweza kupumzisha ndoo.

Na inywewe palepale. Hii siyo ya kuhifadhi kwenye friji mpaka wageni wa kesho. Ikikaa tu saa moja uchungu wa ganda unaanza kupanda, na kesho yake hata mtoto anairudisha.