Pambano la Kufikirika

Mashabiki wa mieleka ya kulipwa wana ubishi mmoja usiokwisha: mbabe wa zama zile akikutana na mbabe wa zama hizi, nani atalala chali? Mpandishe ulingoni Bruno Sammartino, aliyetwaa mkanda New York mwaka 1963, kisha umletee John Cena, aliyeanza kuonekana kwenye runinga ya WWE mwaka 2002. Kijiwe kizima kitagawanyika hapo hapo.

Kwa Kiingereza pambano la namna hii huitwa "la ndoto", na ni rahisi kulitafsiri neno kwa neno yakaisha. Napendekeza tuseme pambano la kufikirika. Ndoto kwa Mswahili ina njia mbili. Kuna ndoto ya tumaini, kama ya kijana anayetaka kuwa rubani, na kuna ndoto za Alinacha, za mtu anayejenga ghorofa hewani. Pambano la Sammartino na Cena haliingii kokote. Hakuna wa kulitumaini, kwa kuwa Sammartino alifariki Aprili 2018 akiwa na miaka 82. Na anayelibishania hajidanganyi hata kidogo, anajua halitakuwapo. Anachofanya ni kuchukua yale anayoyajua juu ya watu wawili na kuyapima. Pambano la ndoto tuliachie mechi kama ile ya The Rock na Cena, iliyotangazwa karibu mwaka mzima kabla ya kupiganwa Miami Aprili 2012. Hiyo watu waliiota, wakaipata.

Sarufi yetu nayo iko tayari kutusaidia. "Angemshinda" huacha mlango wazi, "angalimshinda" huufunga. Wasemaji wengi siku hizi huvichanganya viambishi hivi viwili, na sitawagombeza, ila kwa mada hii tofauti yake ina thamani kubwa. "Rock angemshinda Cena" ni sentensi ya Machi 2012. "Sammartino angalimshinda Cena" ni sentensi ya jambo ambalo wakati wake haukuwahi kuja na hautakuja.

Ugumu wenyewe uko kwenye kitenzi "kushinda".

Katika ndondi mtu hushinda kwa ngumi zake, au ndivyo inavyotakiwa iwe. Hata hivyo, mwaka 1969 Muhammad Ali na Rocky Marciano, mabingwa wa zama mbili, waliingizwa studio Miami wakarushiana ngumi mbele ya kamera, ikaelezwa kwamba kompyuta ndiyo itakayotoa mshindi. Mwisho wa pambano ulirekodiwa kwa namna zaidi ya moja. Marciano alikufa katika ajali ya ndege tarehe 31 Agosti mwaka huo, kabla filamu haijaonyeshwa. Januari 1970 Wamarekani walimwona Ali akiangushwa raundi ya 13; huko Ulaya likaonyeshwa toleo ambalo Ali ndiye mshindi. Kila upande ulipewa mwisho wake.

Katika mieleka ya kulipwa, mtu wa kuamua mwisho yupo tangu zamani, na anahitaji jina. Nimesikia watu wakimwita mpanga matokeo. Jina hilo linamwonea, maana upangaji wa matokeo kwenye soka ni kosa: kuna aliyehongwa na kuna aliyeibiwa. Mieleka haimwibii mtu. WWF yenyewe, ndiyo WWE ya leo, ilikiri mwaka 1989 mbele ya maseneta wa jimbo la New Jersey kwamba kazi yake ni burudani, ili iepuke kusimamiwa na kutozwa kodi kama mchezo wa mashindano. Anayeamua nani awe steringi, nani awe adui, na nani apigwe hesabu ya tatu, anafanya kazi ile ile ya mwandishi wa tamthilia. Basi tumwite mtunzi wa mapambano.

Mambo hayakuwa hivi siku zote. Frank Gotch alipomshinda George Hackenschmidt mjini Chicago Aprili 1908, walikabana takriban saa mbili mpaka Hackenschmidt akakubali yaishe, akilalamika kwamba mwenzake alijipaka mafuta. Ni katika miaka ya 1920 ambapo Ed "Strangler" Lewis, meneja wake Billy Sandow na Toots Mondt waliigeuza mieleka kuwa onyesho lenye kasi, mbwembwe na kisa kinachoendelea kutoka mji hadi mji. Kwa hiyo ukimuuliza mtu kama Gotch angalimshinda Hulk Hogan, mbabe wa zama za baadaye, unamuuliza kwa mizani mbili kwa mpigo, na hawezi kukujibu mpaka umwambie ni ipi.

Turudi kwa Sammartino na Cena. Sammartino alikuwa mhamiaji kutoka Italia, mwenye nguvu za kutisha. Mei 1963 alimmaliza Buddy Rogers katika sekunde 48 pale Madison Square Garden, na mkanda ukakaa kiunoni mwake hadi Januari 1971. Usiku ule Ivan Koloff alipomlalia na refa akapiga sakafu mara ya tatu, ukumbi ulinyamaza kiasi kwamba Sammartino, kama alivyosimulia baadaye, alidhani masikio yake yameharibika.

Cena ametwaa ubingwa wa dunia mara 17, mara ya mwisho Las Vegas Aprili 2025. Shabiki wa Cena atakutajia 17. Wa Sammartino atakutajia miaka saba na ushei mfululizo. Wote wanapimana kwa rula zisizofanana. Enzi za Sammartino fedha ilitoka kwenye tiketi: bingwa alipita mji huu leo, mji ule kesho, na New York ilimngojea wiki kadhaa. Hakuna aliyemchoka. Cena alikuwa sebuleni mwa watu kila wiki, na runinga ya kila wiki hudai mabadiliko, ndiyo maana mkanda ulihamahama. Watunzi wa zama zote mbili walikuwa wanaonyesha imani ile ile kwa mtu wao.

Kinachowatenganisha kweli ni ukumbi. Sammartino alishangiliwa na ukumbi mzima. Kwa Cena watoto walishangilia huku wanaume wazima wakizomea, miaka nenda rudi.

Na ukumbi unaweza kumshinda mtunzi. Tarehe 17 Machi 2002, SkyDome ya Toronto, zama mbili zilikutana kweli: Hulk Hogan, miaka 48, na The Rock, miaka 29. Hogan ndiye aliyeandikwa kuwa adui. Watu zaidi ya 68,000 walikataa. Wawili hao walisimama uso kwa uso, wakageuza vichwa kushoto, wakageuza kulia, wakiusikiliza umati ukimwitikia mtu asiyestahili kuitikiwa, na Rock, steringi wa zama hizo, akazomewa. Rock alishinda kama ilivyotungwa. Lakini baada ya pambano wenzake Hogan walimgeuka wakampiga, Rock akamwokoa, na Hogan akatoka uwanjani akiwa steringi.

Kwa hiyo anayetaka kubishania pambano la kufikirika ataje kwanza mwaka, ukumbi na mtunzi. Nikipewa kalamu mimi, pambano liwe Madison Square Garden na Sammartino ndiye angalimlaza Cena. Ukumbi unaogawanyika nusu kwa nusu juu ya Cena ungalimwendea Sammartino wote, na hakuna mtunzi mwenye akili ambaye angaliuza tiketi za New York kisha akaandika kinyume chake.