Krizi ya woga: mtu anaona anakufa, kumbe moyo wake ni muzima

Moyo unaanza kukimbia ghafla. Kifua kinabana, pumzi inakuwa fupi, jasho linatoka, mikono inatetemeka, vidole na midomo vinakufa ganzi. "Mi nakufa!" Jamaa wanatafuta moto mbio mbio ili wamufikishe hospitali. Huko tansio inapimwa, malaria inapimwa, vyote viko sawa. Anaambiwa hana kitu, arudi nyumbani. Juma linalofuata inaanza tena.

Wanganga wanaiita krizi ya woga, ao krizi ya paniki. Ndani ya kartie zetu watu wanasema "ni tansio", wengine "balimuroga". Jina likikosewa, matunzo pia yanakosewa.

Mwili una alarme yake. Ukisikia hatari, unamwaga adrenalini ndani ya damu, na moyo unapiga mbio ili miguu ipate nguvu ya kukimbia. Ni kitu kizuri wakati risasi zinalia. Krizi ni ile alarme ikilia wakati hakuna hatari. Kwa mtu aliyelala chini ya kitanda usiku wa mapigano, ao aliyekimbia Goma wakati Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei 2021 kisha ardhi ikatetemeka siku nyingi, alarme inaweza kubaki karibu karibu. Tairi inapasuka, kamioni inapita, mlango unapigwa na upepo, basi inatosha. Mara nyingine hata hayo hayapo: mtu alikuwa amelala tu, moyo ndio unamwamsha.

Wengi hawajui kazi ya pumzi katika jambo hili. Mwenye woga anapumua haraka haraka akiona hewa haitoshi, kumbe anatoa gazi karboniki kupita kiasi. Hiyo njo inaleta kizunguzungu na ganzi, hata vidole kukakamaa. Akiona vile, anaogopa zaidi, na anapumua haraka zaidi. Kwa hiyo kumupigia kelele "vuta pumzi kubwa!" kunaweza kuongeza taabu. Afazali kutoa pumzi polepole: avute kwa pua akihesabu mpaka 4, atoe kwa mdomo akihesabu mpaka 6, kama mtu anayepoza uji wa moto. Afanye vile dakika chache. Asifunikwe mdomo na mfuko.

Kwa kawaida krizi inafika juu kabisa ndani ya dakika 10 hivi, kisha inashuka yenyewe. Wengi wanatulia kabla ya nusu saa, hata kama mwili unabaki umechoka. Krizi yenyewe haiui.

Lakini angalisho: mtu akipatwa mara ya kwanza, apimwe. Malaria, upungufu wa damu na ugonjwa wa tezi ya shingo, vyote vinaweza kukimbiza moyo. Maumivu ya kifua yakienda mkononi ao kwenye taya, ao mtu akizimia, asibaki nyumbani kujaribu mambo ya pumzi. Ni hospitali mara moja.

Jamaa nao, kwa upendo, wanaharibu. Watu kumi wanamuzunguka, mmoja anamwaga maji, mwingine analia. Abaki mmoja, akae chini karibu naye, aseme kwa sauti ndogo: "Mama, niko hapa. Itapita. Tutoe pumzi pamoja." Anayetaka kuomba, aombe polepole. Kumwambia baba "mwanaume haogopi" hakusaidii. Kunamufundisha tu kujificha.

Taabu kubwa inakuja kisha. Mama muuza sambaza aliyepatwa sokoni anaanza kuogopa soko lenyewe. Anaacha kwenda. Kisha anaogopa moto, kisha kanisa, mwishowe hatoki tena, na watoto wanalala njaa. Woga wa krizi umekuwa mzigo kuliko krizi. Kurudi kunafanywa kidogo kidogo: siku ya kwanza afike pembeni ya soko na dada yake, akae mpaka woga ushuke, ndipo aondoke. Akikimbia katikati ya woga, mwili unajifunza kwamba kukimbia njo kulimuokoa.

Vidonge vya diazepamu, vile watu wanaita valiumu, visinunuliwe kienyeji famasi. Vinatuliza, lakini mwili unavizoea, na kuviacha inakuwa vita nyingine. Pombe ni vilevile.

Msaada unaanzia kwenye kituo cha afya. Mjini Goma kuna Tulizo Letu, na Bukavu kuna SOSAME, vituo vya afya ya akili vya Mabruda wa Upendo. Wengi wanaogopa kuonekana hapo, eti ni pa wenda wazimu, kumbe mtu anaweza kuingia, kuongea na mtaalamu na kurudi kwake siku ileile. Anayekwenda aandike kwanza kwenye karatasi: krizi ilianza saa ngapi, alikuwa anafanya nini, ilidumu dakika ngapi, na tangu siku hiyo ameacha kwenda wapi.