Toba ya Kanisa mbele ya Wenyeji Asilia wa Kanada

Mafundisho ya Kanisa Katoliki hutaja matendo matatu ya mwenye kutubu: majuto, maungamo na malipizi. Nchini Kanada, mafundisho hayo yamekuwa kipimo cha Kanisa lenyewe mbele ya Mataifa ya Kwanza, Wametis na Wainuit.

Tangu karne ya 19 hadi miaka ya 1990, watoto wapatao 150,000 wa wenyeji hao walipitia shule za bweni zilizogharimiwa na serikali na kuendeshwa na makanisa. Zaidi ya nusu ya shule hizo zilikuwa mikononi mwa Wakatoliki. Watoto walitengwa na wazazi wao, wengi waliadhibiwa kwa kunena lugha za mama zao, na maelfu walifariki. Walionusurika walirudi nyumbani wasiweze tena kuzungumza na bibi zao.

Majuto yalitamkwa kwanza na baadhi. Mnamo Julai 1991, kwenye hija ya Lac Ste. Anne, Waoblati wa Maria Imakulata, waliokuwa wameendesha shule nyingi, waliomba msamaha. Lakini shirika moja si Kanisa zima. Mwaka 2015, Tume ya Ukweli na Upatanisho ilidai kwamba Papa mwenyewe aombe msamaha katika ardhi ya Kanada.

Maungamo hayo yalifanyika Maskwacis tarehe 25 Julai 2022. Papa Fransisko aliomba msamaha kwa uovu uliotendwa na Wakristo wengi dhidi ya wenyeji, akasema kwamba hiyo ni hatua ya kwanza tu. Wapo walioyapokea maneno yake kwa machozi. Wapo pia waliouliza kwa nini walitajwa Wakristo, lisitajwe Kanisa kama taasisi. Swali hilo ni la sarufi na la haki pia: mtenda wa kitenzi ni nani?

Malipizi ndiyo yaliyochelewa. Katika mapatano ya mwaka 2006, upande wa Kikatoliki uliahidi kujitahidi kuchangisha dola milioni 25. Zilizopatikana hazikufika milioni 4. Mwaka 2021 maaskofu waliahidi milioni 30 kwa miaka mitano. Machi 2023, Vatikano ilikana lile fundisho la ugunduzi, lililotumia hati za mapapa za karne ya 15 kuhalalisha unyang'anyi wa ardhi. Novemba 2025, Papa Leo wa XIV aliwakabidhi maaskofu wa Kanada vitu 62 vya urithi wa wenyeji ili virudi kwao.

Kiswahili hutenganisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Kusamehe huweza kutendwa na mmoja, naye ni yule aliyekosewa; hakuna awezaye kumshurutisha. Kupatana hubeba kiambishi -an-, alama ya kutendeana, nacho hudai pande mbili. Kwa hiyo Kanisa linalohubiri huruma haliwezi kujitangazia upatanisho. Laweza kutubu kikamilifu, likilipa lililoahidi na kurudisha lililochukua, kisha likangoja jibu.