Roboti ya chini ya maji

Roboti ya chini ya maji, inayofahamika zaidi kwa kifupi ROV, ni chombo kisichobeba mtu ambacho huzamishwa baharini au ziwani na kuongozwa kwa kebo na rubani aliyeketi melini. Ni tofauti na nyambizi, ambayo wanamaji wake wamo ndani, na pia na vyombo vinavyojiendesha vyenyewe bila kebo. Katika pwani ya kaskazini ya Tanzania inajulikana hasa kwa kumpiga picha samaki aitwaye silikanti wa Tanga akiwa hai.

Muundo

ROV ya kawaida ni fremu ya alumini au plastiki ngumu iliyo wazi pande zote. Juu yake hufungwa bonge la povu gumu lililochanganywa na vipira vidogo sana vya kioo vyenye uwazi ndani, kwa kuwa povu la godoro lingebonyea na kuwa si kitu. Vifaa vizito hukaa chini. Mpangilio huo hukizuia chombo kisipinduke, na uzito ukilinganishwa vizuri hakizami wala hakipandi mpaka rubani aamue. Mota za umeme zenye propela hukipeleka mbele, pembeni, juu na chini.

Mbele huwa na kamera na taa. Vyombo vya utafiti huongezewa leza mbili zilizopangwa sambamba, mara nyingi kwa nafasi ya sentimita 10: nukta zake zikitua ubavuni mwa samaki, mtafiti hukadiria urefu wake bila kumgusa. Kila mita 10 za kina huongeza shinikizo la takriban angahewa moja, hivyo vifaa vya elektroniki hufungiwa ndani ya mitungi minene au huzamishwa kwenye mafuta. Vyombo vya kazi nzito hufikia ukubwa wa gari dogo na vina mikono ya haidroliki inayoweza kufungua valvu na kukata vyuma.

Mawimbi ya redio hayapenyi maji ya chumvi ila kidogo sana, ndiyo maana kebo haikwepeki. Ndani yake hupita umeme, amri na picha. Ndiyo pia udhaifu mkubwa wa chombo, kwani mkondo huivuta, nayo hunasa kwenye miamba na nyavu. Kaikō ya Japani, iliyofika mita 10,911 katika mfereji wa Mariana mwaka 1995, ilipotea mwaka 2003 baada ya kebo kukatika.

Historia

Sifa za mwanzo zilikuja mwaka 1966, pale CURV ya jeshi la majini la Marekani ilipokwenda kuopoa bomu la nyuklia lililoanguka baharini karibu na Palomares, Hispania. Ilinaswa na kamba za parachuti la bomu hilo, vikapandishwa vyote pamoja. Mwaka 1986 ROV iitwayo Jason Junior iliingia ndani ya mabaki ya Titanic.

Silikanti wa Tanga

Silikanti, aliyedhaniwa kutoweka pamoja na dinosaria hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, alithibitishwa Tanzania mwaka 2003 huko Songo Mnara, kusini. Kuanzia 2004 wavuvi wa Tanga, hasa wa Kigombe, walianza kuwatoa wengi katika jarife, nyavu za matundu makubwa za kuvulia papa, zilizotegwa kwenye kina kirefu. Samaki hawa hukaa mapangoni mchana na kuwinda usiku. Akifika juu kwenye maji ya moto, silikanti hadumu, kwa hiyo karibu kila kilichojulikana juu ya wa Tanga kilitokana na mizoga.

Mpiga mbizi wa kawaida huishia mita 40 hivi, ilhali silikanti wa Tanga huvuliwa kwenye mita 70 hadi 150. Pengo hilo ndilo lililozibwa na ROV. Mwaka 2007 kundi la Wajapani kutoka akwariamu ya Aquamarine Fukushima liliteremsha chombo chao nje ya Tanga na kuwarekodi silikanti wakiwa hai kwenye miamba yao, jambo la thamani kubwa kwa mji ambao hadi hapo ulikuwa umewaona wakiwa wamekufa tu, sokoni. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba silikanti wa Tanga ni kundi lililojitenga na wenzao wa Komoro.

Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga ilitangazwa mwaka 2009. Ina kilomita za mraba 552, bahari na nchi kavu. Mpango wa wakati huo wa kujenga bandari Mwambani, ndani ya eneo hilohilo, ulizua ubishi uliostahili.

Gesi, nyaya na uopoaji

Kusini mwa nchi, kisima cha gesi cha Zafarani, kilichogunduliwa mwaka 2012, kiko chini ya takriban mita 2,500 za maji. Huko hakuna mkono wa binadamu unaofika. Mradi wa SERPENT wa Uingereza ulitumia ROV za meli za kuchimbia gesi, zinapokuwa hazina kazi, kurekodi viumbe vya kilindini vya Tanzania. Nyaya za baharini, kama ule wa kilovolti 33 uliofikisha umeme Pemba kutoka Tanga mwaka 2010, hukaguliwa kwa vyombo vya aina hii.

Meli ya abiria MV Spice Islander I ilipozama karibu na Nungwi, Unguja, Septemba 2011, wapiga mbizi walioletwa kutoka Afrika Kusini walishindwa na kina na mkondo; kina cha namna hiyo ni kazi ya ROV, si ya mpiga mbizi.

Vyombo vidogo

Siku hizi kuna ROV zenye uzito wa kilo 10 hadi 15, zinazobebeka kwenye mashua na kuendeshwa kwa kompyuta ya mkononi. Bei yake ni dola elfu chache, na baadhi hufika mita 300. Kwa miamba ya silikanti wa Tanga, kina hicho kinatosha na kubaki.